Kaziimba, Welby na sheria iliyowagawa maaskofu

Machi 21, 2023, mbunge wa Bubulo Mashariki, John Musila, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Uganda amevaa kanzu iliyoandikwa maneno makubwa ya kupinga ushoga. Wapiga picha hawakumwacha, na picha ile ikasambaa duniani. Lakini kanzu ya Musila ilikuwa pambo tu. Muswada wenyewe wa kupinga ushoga ulipelekwa Bungeni na Asuman Basalirwa, Mwislamu na kiongozi wa chama kidogo cha upinzani cha JEEMA, na waliousimamia walikuwa wabunge wa chama tawala na wa upinzani, Wakatoliki, Waanglikana, Walokole na Waislamu. Ni nadra Kampala kuwaona watu hao wakiimba wimbo mmoja. Waliopinga walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Anayekumbukwa zaidi ni Fox Odoi-Oywelowo, naye ni wa chama tawala, aliyewasilisha taarifa ya wachache akisema muswada huo unavunja Katiba.

Rais Yoweri Museveni kwanza aliurudisha Bungeni ufanyiwe marekebisho, kisha akautia saini. Habari ikatangazwa Mei 29. Sheria hiyo inatoa kifungo cha maisha kwa tendo la ngono kati ya watu wa jinsia moja, hadi miaka 20 kwa anayepatikana na hatia ya "kuhamasisha" ushoga, na adhabu ya kifo kwa makosa yanayoitwa mazito zaidi, kama vile tendo linalomhusisha mtoto.

Siku hiyo hiyo Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Stephen Kaziimba Mugalu, alitoa tamko la kumshukuru Rais na Bunge. Alisema ushoga unasukumwa Uganda na watu wa nje waliojivika joho la haki za binadamu. Ila aliweka mpaka mmoja: kanisa lake haliungi mkono adhabu ya kifo, na badala yake linapendekeza kifungo cha maisha.

Siku kumi na moja baadaye, Juni 9, Justin Welby akajibu kutoka Uingereza. Wakati huo alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa heshima wa Waanglikana wote duniani. Alieleza kwamba amemwandikia Kaziimba barua ya huzuni na masikitiko, na kwamba hakuna jimbo la Kianglikana lenye sababu ya kuunga mkono sheria ya aina hiyo. Kaziimba hakukaa kimya. Alisema Welby ana haki ya kuwa na maoni yake kuhusu mambo asiyoyajua kwa karibu, kisha akamkumbusha kuwa ni Kanisa la Uingereza, si la Uganda, lililoiacha njia ya Biblia.

Msomaji wa mbali angeweza kudhani hapa kuna askofu anayeamini Maandiko na mwingine asiyeyaamini. Mambo hayakuwa hivyo. Kila mmoja alikuwa ameshika karatasi ile ile: azimio nambari 1.10 la mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1998, lililopitishwa kwa kura 526 dhidi ya 70. Azimio hilo linasema tendo la ngono la jinsia moja halipatani na Maandiko, na hapo Kaziimba hupigia mstari. Linasema pia kanisa liwahudumie watu wote kwa upole, na likemee hofu isiyo na msingi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Hapo Welby hupigia mstari wake. Mwaka 2016 maaskofu wakuu wa Jumuiya ya Anglikana walirudia kukataa sheria za kuwaadhibu watu hao kama wahalifu, na Welby alimkumbusha mwenzake jambo hilo.

Kwa hiyo ugomvi wa Juni 2023 haukuwa juu ya dhambi peke yake. Ulikuwa juu ya nani aikemee: mchungaji katika kanisa lake, au hakimu mwenye uwezo wa kumfunga mtu maisha.

Swali hilo Uingereza iliwahi kulijibu, na lililojibu ni kanisa lenyewe. Katika miaka ya 1960, Askofu Mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey, aliinuka katika Baraza la Malords kuunga mkono kufutwa kwa adhabu kwa wanaume wazima waliokubaliana faraghani. Ramsey hakusema jambo lile ni jema. Alisema si kila dhambi inafaa kuwa kosa la jinai. Sheria ikabadilishwa mwaka 1967. Uganda ilikuwa imekwisha kujitawala tangu 1962, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1950 iliyoachwa na Waingereza, pamoja na kifungu chake cha "kinyume cha maumbile", ilibaki kitabuni. Kenya na Tanzania nazo zilirithi vifungu vya ukoo huo huo. Waingereza waliondoka na kutuachia yao ya zamani, kisha wakajifutia wenyewe.

Kwa hiyo Kaziimba anaposema Canterbury haijui Uganda, ana hoja. Wapo pia Waingereza wanaozungumza kana kwamba kifungu hicho kilichipuka chenyewe kando ya Ziwa Victoria. Na tusisahau kwamba Kanisa la Uingereza lina viti 26 vya maaskofu katika Baraza la Malords, kwa hiyo si wao wa kuwafundisha wengine kutenganisha madhabahu na Bunge. Lakini madai ya Kaziimba kwamba mambo haya yanaletwa na wageni yana upande wa pili. Machi 2009 mhubiri wa Kimarekani Scott Lively alifika Kampala kuwahutubia viongozi wa dini, wabunge na walimu kuhusu hatari ya ushoga. Oktoba mwaka huo mbunge David Bahati akapeleka Bungeni muswada wake wa kwanza. Sheria iliyotokana na muswada huo ilitiwa saini Februari 2014, kisha ikabatilishwa na mahakama Agosti 1 kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Mgeni anayekubaliana nasi, basi, huitwa ndugu katika Kristo. Asiyekubaliana nasi ni beberu.

Hoja nzito kuliko zote ya Waganda haitoki Marekani wala Uingereza. Inatoka Namugongo.

Kila Juni 3 mamia kwa maelfu ya mahujaji hukusanyika hapo, nje kidogo ya Kampala, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda. Wanawakumbuka wafiadini 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kati ya 1885 na 1887, wengi wao kwa moto. Kila Mkristo wa Uganda anaijua simulizi hiyo: Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa ikulu, aliwakinga wadogo dhidi ya mfalme aliyewataka kimwili, na walipokataa wakauawa. Katika mahubiri ya miaka hii wafiadini hao wamekuwa mashahidi wa upande wa sheria.

Wanahistoria huongeza mambo mengine. Mwanga alikuwa kijana mwenye hofu: Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi upande wa pwani, wazungu walikuwa wakija kutoka mashariki, na watumishi wa ikulu yake walianza kumtii bwana mwingine. Miaka kumi hivi kabla yake, baba yake Mutesa aliwaua vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu. Mambo haya mawili ukiyaweka pamoja, simulizi inakuwa ya mtawala anayetaka kumiliki dhamiri za watu. Tena wapo wasomi wa Uganda wanaouliza swali ambalo mahubiri huliruka: ikiwa tunaamini jambo hili lilikuwamo katika ikulu ya Buganda, tunawezaje kusema limeletwa na wazungu? Sijasikia mimbari ikilijibu.

Ndani ya kanisa lenyewe pia hakukosekana wa kupinga. Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa Dayosisi ya West Buganda, alianza mwaka 2001 kuwapa ushauri vijana wapenzi wa jinsia moja waliofukuzwa makwao. Kanisa lilimtaka aache. Alipokataa, lilimwondolea ruhusa ya kuendesha ibada. Januari 2011 mwanaharakati David Kato aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, miezi michache baada ya gazeti moja la Kampala kuchapisha picha na majina ya watu liliodai ni mashoga, na kutaka wanyongwe. Kwenye mazishi, mhubiri alishika kipaza sauti akaanza kuwalaani mashoga mbele ya jeneza. Wenzake Kato wakamnyang'anya kipaza sauti. Vurugu ikazuka, wanakijiji wakakataa kumzika, na ikabidi marafiki wabebe jeneza wenyewe hadi kaburini. Aliyesoma sala za mwisho ni mzee Senyonjo, askofu asiye na kanisa.

Wakatoliki ndio wengi zaidi nchini Uganda, asilimia 39 kwa sensa ya 2014, na mwenendo wao katika jambo hili haukuwa wa mstari mmoja. Katika ujumbe wa Krismasi wa 2009, Askofu Mkuu wa Kampala, Cyprian Kizito Lwanga, alisema muswada wa Bahati hauhitajiki. Juni 2012 Baraza la Pamoja la Wakristo, ambalo Wakatoliki wamo, likalitaka Bunge liharakishe muswada ule ule. Na wiki chache tu kabla ya Basalirwa kuwasilisha wake, Papa Fransisko alisema kuwa mpenzi wa jinsia moja si kosa la jinai, ingawa tendo ni dhambi. Alirudia Februari 5, 2023 ndani ya ndege akitoka Juba, baada ya ziara ya Congo na Sudan Kusini. Katika mkutano huo wa waandishi wa habari alikuwa pamoja na Welby na kiongozi wa Kanisa la Scotland. Wote watatu walikuwa na msimamo mmoja.

Desemba mwaka huo Vatican iliporuhusu mapadre kuwabariki wapenzi wa jinsia moja nje ya ibada rasmi, Kadinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa aliwaongoza maaskofu wa Afrika kusema baraka hizo hazifai kutolewa barani humu. Wengi walidhani Afrika imesema kwa sauti moja. Wiki chache nyuma Kadinali Peter Turkson wa Ghana alikuwa ameiambia BBC kwamba ushoga usifanywe kosa la jinai, wakati maaskofu wenzake wa Ghana walikuwa wakiunga mkono muswada mkali nyumbani. Waafrika wote hawa, na wote ni maaskofu. Atakayesema "kanisa la Afrika linasema hivi" aulizwe ni la askofu gani.

Kenya nayo haikupona. Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu jijini Nairobi, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja lisinyimwe usajili. Hukumu hiyo haikugusa kifungu cha adhabu hata kidogo. Maaskofu, wachungaji na masheikh waliipokea kana kwamba ndoa za jinsia moja zimehalalishwa, naye Rais William Ruto akatangaza kwamba utamaduni na dini za Wakenya haziruhusu. Mbunge Peter Kaluma akatayarisha muswada wake.

Mgawanyiko wa Waanglikana ulizidi kupanuka. Aprili 2023 wajumbe 1,300 kutoka nchi 52 walikutana Kigali na kusema hawamtambui tena Welby kama kiongozi wao, kwa sababu ya kura ya Sinodi ya Uingereza ya Februari iliyofungua mlango wa kuwaombea baraka wapenzi wa jinsia moja. Welby mwenyewe alijiuzulu Novemba 2024, lakini kwa jambo jingine: uchunguzi uligundua kwamba kanisa lake lilizembea kushughulikia habari za John Smyth, mtu aliyewatesa wavulana Uingereza na baadaye Zimbabwe. Mtu huyo alikuwa wakili mashuhuri, na aliwapata wavulana hao katika kambi za Kikristo. Wanaosema sheria ya Uganda ni ya kulinda watoto wangefaidika kusoma ripoti hiyo.

Aprili 3, 2024 majaji watano wa Mahakama ya Katiba ya Uganda, wakiongozwa na Richard Buteera, walikataa kuifuta sheria. Walifuta vifungu vinne tu, kikiwamo cha wajibu wa kuripoti na vile vilivyowatia hatiani wenye nyumba za kupangisha. Miongoni mwa haki walizosema zimevunjwa na vifungu hivyo ni haki ya faragha, ya afya na, jambo lililopita bila kelele, uhuru wa dini. Walalamikaji, akiwamo Fox Odoi-Oywelowo, hawakupata walichokitaka.

Kiongozi wa dini ana haki ya kuhubiri anachoamini, na hakuna aliyemzuia Kaziimba. Lakini aliyeomba sheria na kuishukuru baada ya kutiwa saini aulizwe habari zake kama anavyoulizwa mwanasiasa mwingine yeyote. Kuna swali moja la kuanzia. Askofu Mkuu alisema kanisa lake halitaki adhabu ya kifo. Bunge halikuiondoa, Rais aliitia saini, na Mahakama ya Katiba iliiacha ndani ya sheria. Je, baada ya hapo Askofu Mkuu amesema nini?