Dege na Ndege Nzito: Ukubwa wa Kisarufi na Istilahi ya Anga

Nomino dege hutokana na ndege kwa kudondosha nazali ya ngeli ya 9, kama ngoma inavyozaa goma. Zao hilo hubeba ukubwa, na mara nyingi kicho au dharau. Lisilotajwa sana ni upatanisho. Ndege ametua ni kiumbe. Ndege imetua ni chombo. Katika ukubwa tofauti hiyo hufifia: dege limetua. Mjini Singida, kwenye maziwa ya Singidani na Kindai wanakotua heroe, sentensi hiyo pekee haimwelekezi msikilizaji atazame ziwani au kiwanjani.

Kwa hiyo dege halifai kuwa istilahi ya ndege ambazo marubani hujitambulisha redioni kwa neno hevi. ICAO hulibainisha kundi hilo kwa uzito wa juu ulioidhinishwa wa kurukia: kilo 136,000 au zaidi, kwa kuwa ndege hizo huacha nyuma msukosuko wa hewa unaoweza kuiyumbisha inayofuata. Boeing 787-8 ya Air Tanzania, iliyowasili 2018, ina takriban tani 228, nayo imo. Dash 8-Q400, isiyofika tani 31, haimo, ingawa kwa aliyezoea vindege vya abiria kumi ni dege hasa.

Ndege nzito ni afadhali, ila nayo yahitaji fasili. Katika matumizi ya kawaida, gari likishusha shehena huwa jepesi. Boeing hiyo, hata ikiruka bila abiria, kiistilahi hubaki nzito.