Unga wa Njano Kwenye Maji ya Kuku

Oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wengi huiita OTC, ni unga wa njano unaouzwa kwa vifuko katika maduka ya dawa za mifugo. Ni antibayotiki: bakteria inawaweza, virusi haiviwezi. Hata hivyo, kuku wakianza kushusha mbawa, kifuko hicho ndicho hukimbiliwa kwanza, hata kama kilichoingia bandani ni kideri, ugonjwa wa virusi. Unga hukorogwa kwa kukadiria na banda zima hunyweshwa, wazima kwa wagonjwa.

Utumboni mwa kuku bakteria dhaifu hufa, na wachache waliokuwa na usugu hupata nafasi ya kuzaana. Mara nyingi usugu huo umeandikwa kwenye plazimidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria huweza kumpa mwenzake, hata wa jamii nyingine. Mwaka 1976 daktari Stuart Levy wa Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la shamba moja la Massachusetts, ambako vifaranga walilishwa chakula chenye oksitetrasaiklini hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja kinyesi chao kilijaa bakteria sugu. Miezi michache baadaye bakteria sugu walionekana kwa wingi zaidi katika choo cha watu wa shambani kuliko katika cha majirani zao.

Njia za kumfikia binadamu ni za kawaida mno: mikono iliyofagia banda, samadi iliyomwagwa kwenye mchicha, kisu kilichokata kuku mbichi kisha kikakata kachumbari. Kuivisha nyama vizuri huua bakteria hao, lakini kachumbari haipikwi.

Mabaki ya dawa ni suala jingine, ingawa wengi huyachanganya. Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya mazao ya mnyama kuliwa, nao huandikwa kwenye kifuko. Kuku hataacha kutaga kwa sababu anatibiwa, na trei za mayai ndizo pesa ya chakula cha kuku; hapo ndipo muda huo huvunjwa. Kwenye maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa mabaki huweza kujifichua yenyewe: mtindi hukataa kuganda, kwa kuwa dawa imewazuia bakteria wa kuugandisha. Kuchemsha maziwa hakuondoi mabaki yote.

Kwingineko sheria imepunguza matumizi ya dawa hizi: Sweden ilipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake mwaka 2006. Kwa kuku wa kienyeji wanaokumbwa na kideri, kinachopunguza haja ya kukimbilia kifuko ni kinga ya mapema, chanjo ya kideri iitwayo I-2: tone moja jichoni, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.