Mkaaga, Jamaa wa Mkarafuu



Wengi wetu twaujua mkaaga kwa kuni zake tu. Leo twapenda kuwakumbusha kwamba kijiti hiki ni jamaa wa mkarafuu, tena ndio mwenyeji. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Moluku, nao uliletwa kwetu karne ya 19. Mkaaga uliukuta hapa.

Ujamaa wao si wa maneno matupu. Wataalamu wa miti huuita mkaaga Eugenia capensis, na vitabu vya zamani viliuweka mkarafuu nao chini ya jina la Eugenia. Utazameni wenyewe: majani yake ni magumu, yameota mawili mawili yakitazamana, na ua lake jeupe lina nyuzi nyingi, kama la karafuu iliyosahauliwa mtini ikachanua. Tunda ni dogo la mviringo. Likiiva huwa na rangi ya zambarau iliyokoza, nalo hulika.

Tafauti yao ni makao. Mkarafuu wataka udongo wenye kina na mvua ya kutosha. Mkaaga huridhika na maweni, mizizi ikapenya katika nyufa za jiwe, na hata na vichaka vya mchangani, penye upepo wa chumvi. Huota katika pwani za Afrika ya Mashariki hadi Afrika ya Kusini.

Lakini vichaka vya maweni hukatwa kwa kuni, makaa na kuchomea chokaa. Kijiti kilichokatwa vyema huchipua tena kisikini. Kikikatwa bila ya kupumzishwa, au kisiki kikichomwa moto, jiwe hubaki tupu, na udongo ule kidogo huchukuliwa na mvua. Sisi wenye mikarafuu tusidhani hayatuhusu. Wachumaji wetu hupikiwa kwa kuni, na siku maweni yatakapokwisha, shoka litahamia mashambani mwetu.

Basi twaomba kila mwanachama asing'oe visiki wala asivichome. Aache baadhi ya mikaaga izae, ndege wapate kutawanya mbegu. Na penye ardhi isiyofaa karafuu, apande mivinje ya kuni.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni tumempa ardhi njema na palizi ya kila mwaka. Mwenyeji naye aachiwe maweni yake.

Katibu wa Chama