Bei Ikishuka, Je, Tung'oe Mbaazi?

Ndugu msomaji, umewahi kupeleka magunia ya mbaazi mnadani, ukayarudisha nyumbani kwa kuwa bei haikutosha hata kumlipa kibarua? Wakulima wengi wa Babati, Lindi na Mtwara walionja uchungu huo mwaka 2017, na ada za watoto zilikuwa zikingojea magunia hayo.

Yafaa tujue jambo hili lilivyotokea. Mbaazi zetu nyingi huliwa India, nao huzipika dali. Mwaka 2015 mvua zilikuwa haba kwao, bei ikapanda sana. Wakulima wa huku walipoona hivyo wakaongeza ekari. Kumbe wakulima wa India nao waliongeza! Mwaka 2016 mvua zikawanyeshea vizuri, mavuno yakafurika. Basi, mwezi wa Agosti 2017, serikali ya India iliwakataza wafanyabiashara wake kuingiza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Huku kwetu mbaazi zilikuwa zimekwisha kukomaa. Kizuizi hicho kiliondolewa Mei 2021.

Twajifunza nini? Kwanza, bei ya mwaka jana si ahadi ya mwaka huu. Mbaazi hukaa shambani miezi mingi, na jirani zako wote wameiona bei ile ile uliyoiona wewe.

Pili, using'oe zote kwa hasira. Aliyeng'oa zote hana gunia siku bei inapoinuka. Tena mbaazi haileti fedha tu: majani yake yanayopukutika na mizizi yake hurutubisha udongo, miti yake ni kuni, nazo zenyewe ni mboga. Zipande katikati ya mahindi, kama wafanyavyo wengi Babati. Mahindi huvunwa kwanza, mbaazi hufuata. Bei ikishuka, punguza mistari, uongeze alizeti au maharage. Ikipanda, ongeza kidogo kidogo.

Tatu, chakula cha nyumbani kitangulie. Pima kwanza shamba la kuwatosha watoto mpaka mavuno mengine, ndipo ugawe linalosalia kwa mazao ya kuuza.

Basi, kabla ya kununua mbegu, keti na mwenzako wa ndoa, mhesabu pamoja. Hasara ya shamba hailiwi na mtu mmoja. Huliwa na nyumba nzima.