Degedege na Milango Mingi ya Utafiti

Wauguzi waliotumikia zahanati za vijijini kwa miaka mingi nchini Tanzania wanaifahamu hali ifuatayo. Alfajiri, mama anaingia akiwa amembeba mtoto wa miaka miwili. Homa ilianza juzi. Usiku wa kuamkia siku hiyo macho ya mtoto yaligeuka, mikono na miguu ikakakamaa, kisha mwili wote ukatetemeka. Muuguzi anapima damu, anakuta vimelea vya malaria, anatayarisha sindano. Hapo bibi wa mtoto, aliyekuwa kimya tangu walipofika, anasema: "Nesi, mwanangu, huyu ana degedege. Msimchome sindano, mtatuulia mtoto."

Je, ni taaluma ipi inayoweza kumsaidia muuguzi huyo? Elimu ya vimelea inamweleza kilichomo ndani ya damu ya mtoto. Haimwelezi kwa nini familia ilichelewa siku mbili, wala kwa nini bibi mwenye mapenzi makubwa kwa mjukuu wake anaikataa dawa inayoweza kumponya. Maswali hayo nayo yanahitaji utafiti, tena utafiti wa namna nyingine. Makala haya yanautazama ugonjwa mmoja, malaria kali ya watoto, ili kuonyesha jinsi matawi mbalimbali ya elimu, kuanzia sayansi za maumbile hadi taaluma za lugha, historia na maadili, yanavyochunguza mambo tofauti kwa njia tofauti, na kwa nini mgonjwa huhitaji matunda ya matawi hayo yote.

Utafiti wa maabara: nini husababisha?

Mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona kwa hadubini viumbe vidogo vilivyokuwa vikisogea ndani ya damu ya mgonjwa wa malaria. Mwaka 1897, Ronald Ross, akifanya kazi India, alikuta vimelea hivyo katika tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa. Tangu hapo imethibitika kuwa malaria ya binadamu huenezwa na mbu jike wa jamii ya Anofelesi.

Utafiti wa maabara huuliza: kitu gani husababisha, na kwa njia ipi? Kwa upande wa degedege, jibu lake ni la wazi. Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum huzifanya chembe nyekundu za damu zinatenate na kuta za mishipa midogo. Hali hiyo inapotokea katika ubongo, mtiririko wa damu huzuiwa na mtoto huweza kupata mitukutiko na kupoteza fahamu. Watu husema "malaria imempanda kichwani," na usemi huo hauko mbali na ukweli. Hata hivyo, si kila degedege ni malaria. Homa kali ya ugonjwa mwingine, homa ya uti wa mgongo, na upungufu wa sukari katika damu vyaweza kuleta dalili zilezile. Kutofautisha haya ni kazi ya vipimo.

Utafiti wa lugha na utamaduni: watu wanaelewaje?

Katika miaka ya 1990, watafiti wa sayansi za jamii na wa afya walifanya kazi wilayani Bagamoyo. Chombo chao kikuu kilikuwa sikio. Waliketi na akina mama, wazee na waganga wa jadi, wakawauliza homa zina majina gani, kila jina lina maana gani, na mtoto anapougua hatua ya kwanza huwa ni ipi.

Walichokikuta kilikuwa na uzito mkubwa kwa tiba. Kwa wenyeji wengi, "homa ya malaria" ilikuwa maradhi ya kawaida, yanayotibika kwa vidonge. Degedege lilikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Jina lenyewe limebeba neno "dege," yaani ndege mkubwa, na wengi waliamini kuwa mtoto amekumbwa na pepo ajaye kwa sura ya ndege. Kwa imani hiyo, mganga ndiye aliyefaa kuendewa kwanza, naye alimwogesha mtoto dawa za mitishamba au kumfukiza. Isitoshe, iliaminika kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa.

Hivyo basi, mabango ya afya yaliyosema "malaria inaua, wahini hospitali" yalisomwa na kukubaliwa, lakini hayakumgusa mzazi ambaye mtoto wake alikuwa na degedege, kwa sababu kwa mtazamo wake mtoto huyo hakuwa na malaria. Kosa hilo lisingeweza kuonekana kwa hadubini. Lilionekana pale watafiti walipochukulia maneno ya watu kuwa ni data, kwa uzito uleule ambao mtaalamu wa maabara huichukulia sampuli ya damu.

Imani kuhusu sindano nayo haikuzuka hewani. Watoto wengi waliopelekwa hospitali baada ya kupitia kwa mganga walifika wakiwa taabani. Walichomwa sindano, na baadhi yao wakafariki muda mfupi baadaye. Waliokuwapo waliona kwa macho yao sindano ikitangulia na kifo kikifuata. Walichokiona kilikuwa kweli. Hitimisho ndilo lililokosea, kwani kilichoua ni ugonjwa uliokuwa umekwishasonga mbele. Kosa la namna hii, la kudhani kwamba jambo lililotangulia ndilo lililosababisha jambo lililofuata, huwapata pia madaktari. Ndiyo sababu ipo aina nyingine ya utafiti.

Jaribio la nasibu: tiba ipi ni bora?

Daktari akimpa mgonjwa dawa na mgonjwa akapona, bado hajui kama ni dawa iliyomponya. Labda angepona hata bila hiyo. Jaribio la nasibu huondoa shaka hiyo kwa kuwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati tu, mithili ya kupiga kura, ili makundi yafanane kwa kila hali isipokuwa dawa. Tofauti kubwa ikijitokeza mwishoni, dawa ndiyo sababu inayoelekea zaidi.

Kwa miaka mingi kwinini ilikuwa dawa ya kutegemewa kwa malaria kali. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Miongoni mwa waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, miongoni mwa waliopewa sindano ya artesuneti, asilimia 8.5. Kwa mtazamaji mmoja katika wodi moja, tofauti hiyo isingeonekana. Ilihitaji maelfu ya watoto na hesabu makini za takwimu ili idhihirike, nayo ilichangia kuifanya artesuneti kuwa chaguo la kwanza.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2009 na kufanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh, lilishughulikia umbali. Mtoto asiyeweza kumeza dawa na aliye mbali na hospitali anaweza kuwekewa artesuneti katika njia ya haja kubwa kabla ya kuanza safari. Kwa watoto waliochelewa kufika kituoni, hatua hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu. Haichukui nafasi ya matibabu kamili. Huwapa wazazi muda wa kufika.

Historia na kemia: dawa ilitoka wapi?

Artesuneti hutokana na artemisinini, kiini kilichogunduliwa nchini China. Mwaka 1967 nchi hiyo ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Tu Youyou, mtaalamu wa dawa, na wenzake walipekua vitabu vya kale vya tiba na kukusanya maelekezo ya waganga. Mmea uitwao qinghao ulionyesha matumaini, lakini matokeo yake maabara yalikuwa ya kuyumbayumba.

Ufumbuzi ulitoka katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, ambacho kiliagiza mmea huo uloweshwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakikutaja kuuchemsha. Tu Youyou aliwaza kuwa huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu kiini cha dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililoangamiza vimelea katika wanyama wa maabara. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hapa usomaji wa maandishi ya kale, kazi ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya wanahistoria na wanafilolojia, ulitoa wazo. Kemia na majaribio vikathibitisha. Mambo hayo mawili hayana budi kwenda pamoja. Dawa ya jadi haithibitiki kwa ukongwe wake, wala haipaswi kupuuzwa kwa sababu hiyo.

Uchumi na takwimu za jamii: nini hufanya kazi nje ya maabara?

Kuzuia malaria kuna maswali yake. Chandarua chenye viuatilifu huua mbu katika chumba cha majaribio. Je, huokoa watoto vijijini, ambako vyandarua huchanika na kununuliwa kwa fedha za mavuno? Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti walifuatilia kaya wakati vyandarua vilipokuwa vikiuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Kisha likaja swali la bei. Wapo waliodai kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Wanauchumi waliofanya jaribio katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2010, waliliweka dai hilo kwenye mizani. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, idadi ya waliochukua chandarua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure hawakukitumia kidogo kuliko walionunua.

Maadili na sheria: je, ni haki?

Majaribio yote yaliyotajwa yaliwahusisha watu, wengi wao wakiwa watoto. Kujua kama tafiti za namna hiyo ni za haki hakupimiki kwa chombo chochote cha maabara. Ni kazi ya falsafa ya maadili na sheria. Nchini Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ni miongoni mwa vyombo vinavyopitia na kuidhinisha tafiti za afya. Mgonjwa anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kuuliza, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu.

Kila njia ina mpaka wake

Mahojiano na watu arobaini yaweza kueleza kwa nini wazazi huogopa sindano, lakini hayawezi kueleza ni asilimia ngapi ya wazazi nchini wanaoiogopa. Hojaji ya watu elfu kumi hutoa asilimia hiyo na kuacha sababu gizani. Jaribio la nasibu hueleza dawa ipi inaokoa zaidi, lakini halimleti mtoto hospitalini. Maabara hutambua kimelea bila kujua bei ya nauli.

Kwa hiyo, mtu anapoambiwa kwamba "utafiti umeonyesha," afaa aulize maswali machache. Utafiti huo uliuliza nini? Njia iliyotumika inaweza kulijibu swali hilo? Ulifanyika kwa watu gani, wapi, na wangapi? Je, yalikuwapo makundi ya kulinganisha? Maswali haya hayahitaji shahada, nayo yanamfaa mgonjwa kama yanavyomfaa mhudumu.

Kurudi zahanati

Tumrudie bibi na mjukuu wake. Muuguzi mwenye elimu ya vimelea pekee angeweza kumkemea bibi kwa ujinga, na familia ingeondoka na mtoto. Muuguzi anayefahamu pia yaliyosikiwa Bagamoyo ana namna nyingine ya kujibu: "Bibi, ni kweli wapo watoto waliokufa baada ya sindano. Walikuwa wamechelewa. Degedege hili la mjukuu wako limeletwa na malaria, tumeiona katika damu yake. Bado tuna muda, lakini si mwingi."

Kwa wazazi, jambo la kufanya mtoto anapopata degedege ni hili: alazwe kwa ubavu mahali salama, asiwekewe kitu chochote mdomoni, asinyweshwe dawa wala maji akiwa hana fahamu, na afikishwe kituo cha afya mara moja, hata kama mtukutiko umekwisha. Kwa wahudumu, pamoja na kupima malaria na sukari ya damu, ni vema kuuliza familia inauitaje ugonjwa huo na imekwisha kufanya nini, kisha kusikiliza jibu hadi mwisho kabla ya kuchukua sindano.