Je, Wajua? Imani na Uponyaji Kisii na Nyamira

Je, wajua kwamba…

• Kabla ya makanisa kufika, jamaa za mgonjwa katika nchi ya Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, walimwendea omoragori, mpiga ramli ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, awaambie chanzo cha ugonjwa? Mizimu ikiwa imekasirika, kafara ilichinjwa.

• Aliyeumia kichwa alipelekwa kwa omobari? Huyu alichana ngozi, akakwangua mfupa wa fuvu. Abagusii walijua tangu zamani kwamba kafara ina kazi yake na kisu kina yake.

• Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu, Kisii, mwaka 1911, na Waadventista wakaingia Nyanchwa muda mfupi baadaye?

• Mtakatifu Camillus, ambaye hospitali ya misheni ya Tabaka ina jina lake, aliishi na kidonda cha mguu kisichopona hadi kifo chake mwaka 1614? Akiwa na kidonda hicho alianzisha shirika la kuwauguza wagonjwa.

• Huko California, wanaume Waadventista waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4? Kuacha tumbaku, kufanya mazoezi na kula vizuri kulichangia sana. Mafundisho hayohayo huhubiriwa Nyamira pia.

• Utafiti wa mwaka 2016 kuhusu wauguzi wanawake 74,534 wa Marekani ulionyesha kuwa waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na vifo pungufu kwa 33% kuliko wasiohudhuria kabisa?

• Mwaka 2006, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo walishiriki utafiti wa maombi? Kuombewa na watu wasiowajua hakukupunguza matatizo baada ya upasuaji. Ndugu anayekaa kando ya kitanda, akishika mkono na kuomba, ni jambo jingine kabisa.

• Mwaka 2011, maelfu, wakiwemo Wakenya, walimiminika Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za huko? Baadhi waliacha dawa za Ukimwi na kisukari, hali zao zikazorota.

• Maombi hayamkatazi mgonjwa kumeza tembe? Ukienda kumwombea jirani wiki hii, muulize kama amekunywa dawa, kama amekula, na kama ana nauli ya kurudi kliniki. Akikosa, kanisa lichange.