UZI: Mafuta ya mimea, shamba lako na bei ya hamri

Wadau, msimu wa siasa ukikaribia hapa Ukunda lazima mtu apande jukwaani aseme ardhi imekaa bure, tutaleta mwekezaji wa mafuta ya mimea, vijana wapate kazi. Halafu anapanda mwingine, anasema hayo hayo mafuta ya mimea ndiyo yamepandisha unga. Wote wawili wanapigiwa makofi, wakati mwingine na watu wale wale. Sitaji mtu wala chama, msiniulize kwenye majibu. Tuangalie hoja tu.

Tuanze na unga, maana hapo watu hudanganyana sana. Ni kweli Marekani inapeleka karibu asilimia 40 ya mahindi yake kwenye viwanda vya ethanoli, ingawa sehemu ya hayo hurudi kama chakula cha mifugo. Sheria yao ya 2007 iliongeza kasi, na bei za nafaka duniani zilipolipuka 2007 na 2008, hiyo ilikuwa moja ya sababu. Lakini mahindi yao mengi ni ya njano, sisi tunakula meupe, na tukipungukiwa hutegemea zaidi Tanzania na Uganda. Kwa hiyo unga ukipanda hapa, uliza kwanza mvua, mbolea na mpaka. Anayesema ni ethanoli peke yake anakuchezea.

Mafuta ya kupikia ni hadithi nyingine. Karibu yote tunayokaangia yanatokana na mawese yanayoshuka kwa meli bandarini Mombasa kutoka Indonesia na Malaysia. Indonesia nayo inachanganya mawese kwenye dizeli: asilimia 30 mwaka 2020, ikapanda hadi 35 mwaka 2023, na 2025 wakatangaza 40. Kila wakiongeza, yanayobaki ya kuuza nje yanabanwa. Aprili 2022, wakati vita vya Ukraine vimeshakaza mafuta ya alizeti, Indonesia ikafunga kabisa kuuza mawese nje kwa wiki tatu hivi.

Jirani yangu anayekaanga mahamri alfajiri hajawahi kufika Indonesia. Lakini mwaka ule hamri lake lilinyauka mpaka wateja wakawa wanamtania kwamba anauza vishikizo vya shati. Bei hakupandisha, alipunguza unga wa donge. Kwa hiyo ukiniuliza sera ya mafuta ya mimea inamgusa wapi mtu wa Ukunda, nitakuambia ni kwenye karai.

Sasa ardhi, na hapa naomba mtulie.

Neno "imekaa bure" lina historia Pwani. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988. Watu wakaishi, wakalima mihogo na mahindi, wakazika wazee wao. Ardhi ikaja kukodishwa upya kwa miwa, na mpango ulikuwa sukari, umeme wa makapi na ethanoli. Mizozo ikafika mahakamani. Sisemi kiwanda ni kibaya, kuna watu wamepata kazi pale. Nasema hakuna aliyekuta ardhi tupu. Asiye na hati huonekana hayupo, hata akiwa amesimama shambani na jembe mkononi.

Dakatcha, kule Kilifi, kampuni iliomba hekta 50,000 za kupanda mbono kaburi, wengine wanaita jatrofa. Ni msitu, na wakazi Wagiriama. Mashirika ya mazingira yakafanya hesabu mwaka 2011: ukikata ule msitu upande mbono, hewa chafu itakuwa mara mbili na nusu hadi sita kuliko ya mafuta ya kawaida. NEMA ikaukataa mradi.

Na mkulima mdogo je? Miaka ile tuliambiwa mbono hauhitaji maji wala mbolea. Utafiti wa 2009 uliowahoji wakulima wa Kenya ukakuta mavuno ni hafifu mno, ukashauri upandwe kama ua tu. Ua! Watu walikuwa wametoa ekari nzima.

Siku hizi habari ni mbarika. Kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kituo cha kukamua Makueni mwaka 2022, na Oktoba mwaka huo meli ya kwanza ya mafuta ikaondoka Mombasa kwenda Gela. Wanasema wanalenga ardhi iliyochoka, isigombane na chakula. Pengine ni kweli. Lakini ardhi iliyochoka inatoa mavuno yaliyochoka pia, na mkulima akiona hivyo atausogeza mmea pale penye rutuba, kwenye mahindi. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Mahindi yakikosa mnunuzi, utasaga. Muhogo utauacha ardhini usubiri. Mbegu ya mbarika ina sumu, na mbono pia. Mnunuzi akiondoka, una gunia ambalo hata mbuzi humpi. Aliye na mnunuzi mmoja hapangi bei.

Kuna njia isiyogombana na sahani: ethanoli ya molasi, mabaki ya sukari. Muhoroni walifanya miaka ya 1980, petroli ikachanganywa, kisha mapema miaka ya 1990 mpango ukafa. Ajabu ni kwamba huo hauimbwi sana jukwaani, labda kwa sababu hauhitaji ardhi ya mtu.

Basi akija wa kwetu na mwekezaji wake, nitamuuliza: ni ekari ngapi na za nani, kwa jina la kijiji? Mkataba unasema bei ya chini ni ngapi kwa kilo? Mbegu zisipoota hasara ni ya nani? Na ukodishaji ni wa miaka mingapi? Mkutano ukitangazwa niambieni mapema, nije nikae mbele.